Hukutaja Desemba

Kabla sijaanza, naomba nikukumbushe ile Ijumaa ya muhula wa pili mwaka jana, bwalo la chakula lilipojaa pomoni hata wengine wakaning'inia madirishani. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimeandaa mjadala, na hoja ilikuwa, "Kazi ya kandarasi ni bora kuliko kazi ya kudumu." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Wala sikuchagua, majina yalitolewa katika kofia ya katibu, na wewe unaijua kofia ya katibu.

Waliokuwapo watakumbuka jinsi nilivyowaka. Nilisema mwenye kazi ya kudumu hulala, kwa sababu anajua mwisho wa mwezi utafika hata asipoamka. Nilisema mwenye kandarasi hupatana upya kila mara, na akiona anapunjwa, huaga akaenda kwingine. Nilisema katika ofisi za serikali mtu wa kandarasi akimaliza muda wake huondoka na kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wake wa msingi, ilhali mwenzake anangoja uzee. Kisha nikatia chumvi kwa kisa cha karani aliyetundika koti lake kwenye kiti saa mbili asubuhi, akaenda zake sokoni kuuza mitumba, na koti likafanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Bwalo lilirindima kwa vicheko na makofi. Mwenyekiti aligonga meza hadi akachoka. Kura zilipohesabiwa, wapinzani wetu waliinamisha vichwa kama kuku walionyeshewa.

Usiku huo nilipokuwa nikirudi bwenini nilikutana na mwalimu mmoja karibu na chumba cha walimu. Sitamtaja jina kwa kuwa hakunipa ruhusa. Nilimwamkia, akanishika bega.

"Umesema vizuri sana," akaniambia. "Ila hukutaja Desemba."

"Desemba, mwalimu?"

"Eeh. Desemba, na Aprili, na Agosti."

Nilisimama nikimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu katika ndoto. Ndipo akanieleza kwamba kabla hajaja kwetu alikuwa mwalimu wa Bodi katika shule nyingine, yaani wale wanaoajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule yenyewe wala si na Tume ya Huduma za Walimu. Huko alilipwa kwa miezi aliyofundisha tu. Shule ikifungwa, mshahara nao unafungwa. "Na mtoto wa nyumbani hajui kama shule imefungwa," alisema. "Yeye anaitisha chakula tu." Alisema hivyo akicheka, tena si kicheko cha uchungu, kisha akaniaga.

Kilichonikosesha usingizi si maneno yake. Ni kwamba hiyo Desemba naijua. Naijua kuliko wengi waliokuwa wakinipigia makofi. Nilisimama mbele ya watu mia mbili nikaificha mfukoni ili nishinde mjadala. Mhariri aliponiomba makala ya jarida hili nikaona ni vyema niitoe.

Kwetu ni Malakisi, kaunti ya Bungoma, ukishapita Kimwanga ukielekea upande wa Lwakhakha ambako ni mpaka na Uganda. Wazee wetu wakianza hadithi huanza na pamba na kinu cha kuichambua, jinsi kilivyonguruma wakati wao. Hayo ya pamba nitawaachia wenyewe. Mimi nitaanza na tumbaku, maana kwetu neno "mkataba" halikuletwa na ofisi. Lililetwa na tumbaku.

Kuka wangu, yaani babu, aliilima kwa miaka mingi. Kampuni iliyomwandikisha ilimletea mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, afisa wa nyanjani akaja na pikipiki kukagua kitalu, na siku ya kuuza gharama zote zikakatwa kwanza. Kazi yenyewe si mchezo. Majani huchumwa kwa awamu, hutungwa vijitini, hukaushwa bandani kwa moto wa kuni ambao haufai kuzimika usiku wala mchana, kisha hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Anayesema hili jani ni la daraja gani ni mnunuzi. Kuka hakusoma sana, alitia kidole gumba tu. Mwaka mmoja, mama yangu akiwa ameolewa juzi juzi, mvua ya mawe ilitelemka kutoka Mlima Elgon ikatoboa tumbaku yote ikawa kama chekecheke. Kuka alienda kueleza. Alisikilizwa kwa adabu, akapewa chai, akaambiwa pole. Ila deni la mbolea lilihamishiwa msimu uliofuata, kwa sababu katika karatasi hapakuwa na neno lolote kuhusu mawe.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa boma letu akileta habari za kazi, kuka huuliza swali moja tu: "Na mawe yakinyesha, ni ya nani?"

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzee. Siku hizi naona kwamba mambo yote tuliyoyabishania bwaloni, mshahara, uvivu, uhuru, koti kitini, yote ni mbuzi wadogo. Ng'ombe mwenyewe ni swali la kuka.

Chukua Baba. Yeye alikuwa na kazi ya kudumu katika kiwanda kimoja nje ya wilaya yetu, kazi ya namba na kadi na likizo, kwa miaka 14. Mwaka 2012 aliitwa ofisini akapewa barua: kazi imepungua. Hakuwa wa kwanza katika pande zetu. Nyinyi mnaotoka Webuye hamhitaji kuhadithiwa jinsi Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi, kilivyosimama mwaka 2009 na mji ukanyauka. Mimi wakati huo wa Baba nilikuwa mtoto wa chekechea, ninachokumbuka ni kwamba ghafla Baba alikuwa nyumbani mchana, jambo lililonifurahisha mno.

Tangu wakati huo Baba ana msemo wake: "Hakuna pamanenti isipokuwa kaburi." Na kila ausemapo watu hucheka, naye hapingwi. Lakini juzi nilikaa nikapiga hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mtu akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, apewe notisi, na alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Kumi na tano mara 14 ni siku 210, yaani miezi saba. Baba alizipata, ingawa kwa vipande vipande na baada ya safari nyingi. Alinunua ng'ombe wawili na kuingia ubia katika kinu cha kusaga mahindi pale sokoni. Ng'ombe mmoja yupo hadi leo, au niseme mjukuu wake yupo. Kwa hiyo mawe yalipomnyeshea Baba, mwajiri naye aliloa kidogo. Baba hapendi nikimwambia hivyo.

Sasa chukua Khocha, mjomba wangu, ndugu yake Mama. Yeye ni fundi wa mawe, na kama umewahi kupita Kitale huenda umeegemea ukuta aliojenga. Maisha yake yote hajawahi kuwa na barua ya kazi. Mwaka 2019 alikuwa kwenye jengo moja huko Kitale kwa miezi saba mfululizo, analipwa kila Jumamosi jioni. Wakati mwingine alibeba pesa kuliko Baba alivyowahi kubeba, na sisi watoto tulimpenda kwa mikate yake. Siku moja mbao za jukwaa zikamwacha, akaanguka, mguu ukavunjika mara mbili. Nyapara alimpa shilingi 2,000 za nauli, akamwambia, "Wewe ni kibarua, bwana. Kibarua hana mambo mengi." Akarudi Malakisi kwa matatu, mguu umenyooshwa juu ya gunia la vitunguu la mtu.

Huyo nyapara, ama hakujua au alijua sana. Maana yule mwalimu wa Desemba alinipa nakala yake ya Sheria ya Ajira, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, nami nikaisoma likizo nzima badala ya hadithi. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, anahesabiwa kama wa kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki zinazoendana na hilo. Na ipo sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo haimwachi kibarua nje. Khocha alikuwa na miezi saba. Hakuna aliyemwambia, naye hakwenda ofisi ya leba kuuliza. Mpaka leo mguu ule hutabiri mvua kuliko redio.

Na sasa nifike kwa Dada, kwa sababu hapa ndipo ninapohusika mimi.

Dada ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Alimaliza chuo kikuu mwaka 2017. Angezaliwa mapema kidogo asingengoja. Wakubwa wetu wanasema zamani ukihitimu ualimu, kazi ilikufuata, unaambiwa tu uripoti shule fulani. Mwaka 1998 serikali ilisitisha utaratibu huo, na tangu hapo waliohitimu wamekuwa wakipanga foleni. Dada alipanga foleni hiyo mpaka alipochoka, akaenda Kitale, akaajiriwa karani katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Kazi ya kudumu. Baada ya makato alishika kama 25,000, ana bima ya matibabu, ana likizo, na angeweza kukopa. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na zulia. Nilipoenda kumtembelea nililala juu ya hilo zulia kwa hiari yangu.

Mwanzoni mwa 2023 Gredi ya 7 ilipoanza, serikali ilihitaji walimu kwa haraka, na njia iliyoichagua ilikuwa kuwachukua kama wanagenzi: kandarasi ya mwaka mmoja, shilingi 20,000 kwa mwezi, nazo zikishakatwa zinabaki 17,000 na kitu. Dada aliomba, akapata nafasi katika shule moja karibu na nyumbani. Akaja Malakisi Jumamosi na karatasi mbili mkobani, moja ya Kitale na moja ya unagenzi, ili ashauriane na wazee.

Tuliketi chini ya mwembe. Mimi nilikuwa wa darasa la nane, na kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kujifanya sisikii.

Baba alianza. "Mimi sioni cha kujadili. Unaacha 25,000 ufuate 17,000? Hizo hesabu ulifundishwa wapi?"

"Baba, mimi nilisomea ualimu," Dada akasema. "Kule Kitale nahesabu pesa za watu."

"Hesabu tu, mama. Pesa za watu hazinuki."

Mama akaingilia. Yeye alitaka Tume, hata kama ni kwa kupitia dirishani. "Mwalimu ni mwalimu. Hii ya mwaka mmoja ni mlango tu. Wanasema wataingizwa wote."

"Nani anasema?" kuka akauliza.

"Viongozi. Hata kwenye matanga juzi ilitangazwa."

Kuka akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi, mjukuu wangu. Au wewe nisomee. Hilo la kuingizwa limeandikwa wapi?"

Dada aliigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Kwa muda kidogo tulisikia kuku peke yao. "Halijaandikwa, kuka."

"Na mawe yakinyesha?"

Dada hakujibu papo hapo. Ninachomheshimu nacho ni kwamba hakudanganya. Alisema mawe yakinyesha ni yake. Kisha akaeleza kwa nini hata hivyo anataka. Alisema mwaka 2010 serikali iliwachukua walimu wapatao 18,000 kwa kandarasi, na watu wakasema hao basi wamepotea, lakini Septemba 2011 walimu wa nchi nzima waligoma na wale wa kandarasi wakaingizwa katika ajira ya kudumu. "Hawakuingizwa kwa huruma," alisema. "Waliingizwa kwa sababu walikuwa wengi na walikuwa tayari darasani. Mimi nikibaki Kitale, siku mlango ukifunguliwa nitakuwa nje."

Khocha, ambaye alikuwa amekuja kula tu, alisema jambo moja. "Huyu amepiga hesabu. Mimi sikuwahi kupiga." Akaendelea na chai.

Basi Dada akaenda. Zulia likaja nyumbani, na chumba cha Kitale na meza yake vikachukuliwa na rafiki yake. Shuleni alipewa masomo manne, mawili hakuyasomea, na chumba cha walimu aliketi karibu na mwenzake ambaye kwa kazi ile ile alipata karibu mara mbili. Sikuwahi kumsikia akilalamikia mwenzake. Alilalamikia viatu, kwamba vinaisha upesi.

Hapo ndipo nilipojifunza Desemba. Mwaka huo nilifanya KCPE, ile ya mwisho kabisa, na nikaitwa shule hii unayosoma jarida lake. Ada, sanduku, godoro, sare, vyote vilikuwa begani mwa Dada, kwa kuwa mahindi mwaka huo hayakuwa na bei. Na kandarasi ya Dada iliisha Desemba. Tena Dada mwenyewe alikuwa mjamzito. Alijifungua wiki ya pili ya Desemba, shule zimefungwa, akatania kwamba mtoto huyu ana akili, amengoja likizo. Lakini nilimwona usiku akimnyonyesha huku ameshika simu kwa mkono mwingine, akitafuta habari kama kandarasi zitafanywa upya au la.

Sheria inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara, kifungu cha 29, wala haibagui mwenye kandarasi. Lakini hakuna kifungu kinachosema kandarasi iliyoisha lazima ifufuliwe. Likizo ya miezi mitatu ndani ya karatasi iliyobakisha wiki mbili ni kama kupewa ghala la mahindi na kunyimwa ufunguo. Sisemi kuna mtu alimkosea Dada. Nasema tarehe iliyoandikwa mwisho wa ukurasa ililala nasi nyumba moja mwezi mzima. Baba alianza kuzungumzia kuuza ng'ombe. Mama akaniambia polepole, jikoni, nisije nikavunjika moyo nikichelewa kujiunga na Kidato cha Kwanza, kwamba wengine hujiunga Machi na bado hufaulu. Mimi nikasema haidhuru, kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Kandarasi zilifanywa upya. Nikafika hapa na sanduku langu wiki moja baada ya wenzangu, na wengi wenu mlinicheka kwa kuwa sikujua njia ya kwenda maabara.

Mwaka huo wa 2024 ulikuwa na mambo mengi nitakayoyapita mbio. Aprili, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kule Nairobi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliofuzu na kusajiliwa kama wanagenzi hakukuwa halali. Tume ikakata rufaa. Mei wanagenzi wakagoma, Dada akiwa mmoja wao, mtoto mgongoni, na nyumbani hapakulalika. Na Januari 2025 walimu hao, zaidi ya 30,000 nchini kote, wakapewa ajira ya kudumu.

Barua ya Dada Baba aliisoma mara mbili, miwani pua ncha. "Hii pamanenti yako," akasema, "mwisho wake lini?"

"Nikifika miaka 60, Baba." Zamani ilikuwa 55, ikabadilishwa mwaka 2009.

"Na pensheni?"

Dada akamweleza kwamba siku hizi si kama zamani. Tangu Januari 2021 kuna mfuko mpya wa watumishi wa umma, mfanyakazi anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara na serikali inatia asilimia 15.

"Kumbe hata uzee unajinunulia mwenyewe!" Baba akashangaa, akairudisha barua. Lakini niliona aliikunja kwenye mikunjo yake ile ile, polepole, asije akaipasua.

Usidhani basi kwamba Dada alishinda mjadala. Yeye mwenyewe hakubali. Shilingi 8,000 alizozikosa kila mwezi kwa miezi 24 ni 192,000, nazo hakuna atakayemrudishia. Yule rafiki yake wa Kitale alikopa katika kipindi hicho hicho akanunua ploti. Dada huitaja hiyo ploti akicheka, lakini huitaja. Na kama Januari 2025 jambo lisingetokea, huenda mimi ningekuwa naandika makala nyingine, au siandiki kabisa.

Kwa hiyo nikirudishwa leo mbele ya bwalo, ningesema nini? Ningekiri kwanza kwamba yule mtu wa kandarasi niliyemsifu yupo. Ni mhandisi, au daktari bingwa, au mtu wa kompyuta anayetafutwa na waajiri wawili siku moja. Kwake kandarasi ni tamu kwa sababu anaweza kusema hapana. Nilimchukua huyo mmoja nikamvika sura ya Khocha, ya mwalimu wa Bodi, ya kuka na kidole gumba chake, watu ambao hawawezi kusema hapana Jumatatu na wakala Jumanne. Huo ndio uongo nilioshangiliwa. Mimi mwenyewe, nikipewa kuchagua na nikiwa bado sina la kuringia, nitachukua ya kudumu hata kama imepungua shilingi elfu kadhaa. Katika fomu ya mwalimu wa ushauri wa kazi, palipoandikwa "Kazi uipendayo," niliandika "ya kudumu." Alinirudishia na alama ya kuuliza.

Likizo ya Aprili mwaka huu Khocha alikuja nyumbani jioni, akiburuta mguu kidogo. Alikuwa amepata kazi Kitale tena, miezi sita, kwa mwenye jengo mwingine. Nilikuwa nimemwambia kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi ni lazima iandikwe, kifungu cha 9, na kumbe alinisikia. Alidai karatasi. Nyapara alinung'unika, akasema fundi wa siku hizi amekuwa wakili, lakini akaleta ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Khocha akaniletea bila kutia sahihi.

"Soma, mpwa wangu. Mara mbili."

Nilisoma mara mbili, kuka akiwa kando ameegemea fimbo. Jina lilikuwapo. Malipo yalikuwapo, saa za kazi zilikuwapo, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Nikageuza nyuma, kweupe.

"Mawe hayamo," nikasema.

Kuka akacheka mpaka akakohoa. Khocha hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Basi nitarudi nayo kesho," akasema. "Nitaenda na huu mguu, nimwonyeshe pahali pa kuandika."